Kidude Kilichokosa Nguo

Kavugho wa Butembo alianza kufungua maredio akiwa bado na meno ya utoto, na ajabu ni kwamba yaliimba tena. Leo anaunda vidude vya kupima unyevu. Unavitundika katikati ya magunia ya kakao, vinaongea bila waya, na habari zao zinaingia moja kwa moja kwenye ordinateri, yaani kompyuta ya ofisini, mahali stoki inapohesabiwa.

Papa Zorobabel, mfanyabiashara wa kakao, alimwachia depo yake moja, ghala la Beni, afanye majaribio. "Bidude hibi bikisema kweli, utabiweka mu depo zangu zote," alimwambia. "Bikisema uongo, unarudia kutengeneza matelefone ya batu."

Kavugho alitundika vidude vinne, akamwachia Mama Emérence, mwangalizi wa depo, akarudi Butembo na roho juu.

Siku ya kuonyesha, huko Butembo, Zorobabel alivaa miwani mbele ya ordinateri, Kavugho kando yake. Vidude vitatu vilisema kakao ni kavu kabisa. Cha nne, lo! Kwenye kioo kilikuwa chekundu, kinalia maji, maji!

Zorobabel akacheka. "Kile kimelewa. Kitoe, tumalize."

Jamani, Kavugho alitamani kukubali! Neno moja tu na kazi ilikuwa yake. Lakini namba za vile vitatu hazikuwa zimesogea hata kidogo tangu jana, na hewa ya Beni haitulii hivyo.

"Hapana, patron. Ngoja kwanza." Akapiga simu Beni, spika wazi wote wasikie. "Mama Emérence, bidude biko muzuri?"

"Muzuri sana, mwanangu! Nilibivalisha jana. Sashe ya plastiki kwanza, kisha kitambaa, sababu ya mavumbi. Kitu cha mupya unakiacha uchi namna gani? Mais kile cha pembeni, sashe na kitambaa biliisha, kikabaki uchi."

Zorobabel alikohoa. Kwake nyumbani hata rimoti ya televisheni iko ndani ya sashe.

"Mama, angalia kwanza kule pembeni."

Wakasikia ndala zikikimbia, kisha mayowe: "Yesu wangu! Bati inavuja! Magunia inaanza kulowana!"

Wabebaji wakaitwa mbio, magunia yakahamishwa, kakao ikapona. Zorobabel alivua miwani akaifuta polepole.

"Donc ule wa uchi ndiye alisema kweli. Depo zote, mama Kavugho. Anza kesho."

Kavugho alicheka mpaka machozi.

Wiki iliyofuata kifurushi kilifika kutoka Beni: vinguo vipya, safari hii vya chandarua chenye matundu ya kupitisha hewa, vimeshonwa kwa upendo. Kavugho alivalisha kidude kimoja, akakiweka karibu na sufuria ya maharagwe inayochemka, akakodolea macho ordinateri. Namba zikapanda.

Akampigia Mama Emérence. "Mama, shona bingine."