Tangi la Mshindi Mwenyeji

Watu wenye adabu humwita Mama Faidha. Mimi kwa miaka sita nilimwita mwanamke wa madumu, tena mbele yake, naye aliitika bila kununa, jambo lililonifanya nimdharau zaidi.

Jina lake Mwanakombo. Mumewe alivuka Ruvuma kwenda kutafuta mawe ya thamani Msumbiji, akamwachia mtoto wa kike na baiskeli nzito ya Kichina yenye keria ya nondo. Huku kwetu Newala, juu uwandani, unaweza kuchimba mpaka uchoke usione hata unyevu. Maji yako bondeni. Wanawake huyapandisha kichwani, wanaume kwa baiskeli. Mwanakombo alifunga madumu manne kwenye keria kwa vipande vya mpira, akawa anashuka na kupanda mara mbili kwa siku, na watu wakasema. Mimi nilisema kuliko wote. Nilisema mwanamke anayesukuma baiskeli ya maji mlimani amekosa haya, na nilisema hivyo huku nikinywa maji yake, kwa sababu mmoja wa wateja wake alikuwa mama yangu mzazi, Bibi Emilia, anayekaa peke yake kando ya barabara ya Mnyambe.

Mwaka juzi goti la kulia la Mwanakombo lilianza kuvimba. Mganga wa zahanati akamwambia aache mlima, kama vile mlima ni sigara. Mwanakombo aliuza korosho zake, akaezeka nyumba kwa bati, akafunga na gata la kuteremshia maji. Pesa zikaishia hapo. Kilichobaki kilikuwa tangi. Angekuwa na tangi kubwa, mvua za msimu mmoja zingempumzisha mlima kwa miezi.

Ndipo wakaja watu wa mbio, kutoka Dar es Salaam, na magari mawili na maturubai na kipaza sauti. Walikuwa na mashindano ya michezo mitatu kwa mpigo: kuogelea karibu kilomita mbili katika bwawa moja nje ya Masasi, kuendesha baiskeli kilomita tisini mpaka Newala, kisha kukimbia kilomita ishirini na moja. Na hiyo, walisema, ni nusu tu ya mbio zenyewe. Masasi mpaka Newala hakufiki tisini, kwa hiyo wakapanga kutuzungusha mjini kama kuku aliyekatwa kichwa ili hesabu itimie. Tarehe waliyochagua ilikuwa katikati ya Machi. Mtoto yeyote wa darasa la pili angewaambia Machi kuna nini huku, lakini hawakuuliza.

Wageni wangeshindania medali. Kwa mwenyeji atakayewatangulia wenzake kulikuwa na zawadi ya peke yake: tangi jeusi la lita elfu tano.

Wenyeji tulijiandikisha wanne. Mimi ni Bartholomayo, mwalimu wa michezo, niliyesoma sekondari ya Chidya na kujifunza kuogelea chuoni, mwenye baiskeli ya mashindano ya matairi membamba ambayo hakuna mtu Newala aliyeruhusiwa kuigusa. Walikuwapo vijana wawili wa Masasi wenye vifua vikubwa na pumzi fupi. Na Mwanakombo, akiwa na baiskeli yake ileile, keria ya nondo juu yake.

"Mama, hiyo keria uing'oe," mwandishi wa majina alimwambia.

"Nikiing'oa, Jumatatu nitafungia nini madumu?" alijibu.

Tulicheka wote. Mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Mvua ilianza tukiwa ufukweni mwa bwawa, manyunyu ya baridi, na upepo ukiyavuruga maji. Wageni walivaa nguo za mpira zilizowabana mpaka mtu unatazama pembeni. Mwanakombo aliingia na suruali ya michezo na fulana ya kampeni ya uchaguzi. Utotoni alikaa kwa bibi yake karibu na Ruvuma, wakivuka vijito vya mafuriko kwenda kwenye mpunga, na aliogelea hivyohivyo kishamba, kichwa juu, kama bata. Nilimwacha mbali. Kijana mmoja wa Masasi alitolewa kwa mtumbwi akitapika. Nikasema moyoni, mmoja huyo.

Kwenye baiskeli nilimsahau kabisa. Kijana wa pili alikata mnyororo, nikamwonea huruma ya uongo nikapita. Tatizo lilianza pale lami ilipokatika kwa ajili ya matengenezo, tukaelekezwa kwenye njia ya udongo mwekundu chini ya mlima. Matairi yangu membamba yalizama kama kisu kwenye ugali. Nilibeba baiskeli begani. Wageni nao walibeba zao, wakilaani kwa lugha tatu, wakinyonya vipakiti vyao vya uji mtamu. Juu yetu ukungu ulikuwa umefunika ukingo wa uwanda wote, na baridi ikawa ya kung'ata meno.

Hapo ndipo aliponipita. Alisimama kwenye pedali, akapanda polepole, goti limefungwa kitambaa, mdomo wazi. Hakuwa na mzigo siku hiyo. Mtu aliyepanda mlima ule miaka sita na lita themanini mgongoni mwa baiskeli, siku moja akaupanda mtupu, utamfanya nini?

"Pole, mwalimu," alisema akinipita, na alimaanisha kweli, ndiyo maana sikumsamehe.

Newala mjini nilikuta wageni watatu wamekaa chini ya turubai wanatetemeka, wamefungwa karatasi za kung'aa, wamekata tamaa. Nilitupa baiskeli nikaanza kukimbia. Njia ilikuwa kwenda barabara ya Mnyambe mpaka kwenye bendera, kugeuka na kurudi mjini. Mwanakombo alikuwa mbele yangu. Nilimwona akirudi nami bado nakwenda: anachechemea, lakini anakimbia. Nikapiga hesabu ya kimwalimu nikaona simpati. Tangi lilikuwa lake.

Nilipogeuka kwenye bendera mvua ikamwagika. Si manyunyu tena. Mvua ya kweli, ile ambayo hapa kwetu ikianza kila mtu huacha anachofanya. Mwalimu huacha chaki, mama huacha mtoto kwenye mkeka, mwenye duka huacha wateja. Wote hukimbilia ndoo, sufuria, beseni, pipa, kila kitu chenye tundu upande wa juu, na kukipanga chini ya michirizi ya paa. Mgeni akituona hudhani tumerukwa na akili. Kando yote ya barabara ile watu walikuwa wakikinga.

Nilipokaribia kwa mama yangu niliona fulana ya njano yenye namba mgongoni, imeinama uani kwake. Mwanakombo alikuwa akigeuza ndoo. Zilikuwa kifudifudi, kama mama anavyoziweka zikikauka, na mama alikuwa ndani kitandani, siku ya tano hawezi kusimama kwa nyonga. Nilijua. Mimi ndiye niliyempelekea dawa Jumatano.

Mwanakombo aliburuta pipa akaliweka kwenye kona ya paa. Akalipanga beseni. Sufuria moja ilimponyoka ikabiringika, akaifuata akichechemea. Hakunyanyua kichwa.

Nitasema nilichofikiri, kwa kuwa ndicho kilichonifanya niandike haya. Nilifikiri: mpumbavu huyu. Tangi zima kwa ajili ya sufuria za bibi kizee. Nikacheka kwa sauti, nikaongeza mwendo, nikapita mbele ya nyumba niliyozaliwa bila kugeuza shingo.

Nilifika mjini dakika nne kabla yake. Walinipa kipaza sauti wakaniuliza nimejifunza nini kutokana na mbio hizi katika hali mbaya ya hewa. Nikajaza kifua. Nikasema nimejifunza kula mapema, kubadilisha matairi, na kutoipoteza akili mvua inapokuja. Watu wakapiga makofi. Mwanakombo alikuwa nyuma kabisa, amekaa kwenye tofali, analikanda goti. Naye alipiga makofi.

Kesho yake baada ya ibada nilikwenda kwa mama na picha zangu kwenye simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuzitazama picha. "Jana nilisikia mvua inaanza nikalia. Ndoo zote kifudifudi, na mimi siwezi kusimama. Kisha nikasikia mtu anazigeuza uani. Nikajua ni wewe. Nikaita, 'Bartholomayo!'"

Nilirudisha simu mfukoni.

"Nikasikia sauti, 'Ni mimi, mama. Mwalimu yuko mashindanoni.' Wewe hukupita njia hii?"

"Ukungu, mama. Sikuona kitu."

"Yeye aliona," mama alisema, akageukia ukutani.

Ungedhani mtu mwenye damu angelipeleka tangi lile kwa Mwanakombo jioni hiyohiyo. Mimi niliamua kukasirika. Niliona mama amezeeka, majirani wana wivu, na mwanamke wa madumu amefanya makusudi ili nionekane mbaya. Tangi lililetwa na lori, nikalisimamisha mbele ya nyumba yangu barabarani, na utepe wake mwekundu, lionwe. Sikulifungia gata. Ningelisogeza chini ya paa lisingeonekana. Mvua za Machi zikanyesha, za Aprili zikanyesha, lipo pale na mfuniko wake umefungwa, kombe la ubingwa la lita elfu tano. Shuleni watoto walipoulizana habari za mbio hawakutaja jina langu. Walisema, "yule aliyepita."

Mwanzoni mwa Mei mvua zilikata. Asubuhi moja nikiwa natoka na baiskeli yangu nilimwona Mwanakombo anaibuka kutoka kwenye mteremko, madumu manne, anasukuma kwa bega, mguu wa kulia haukunjiki tena. Akasimama kupumua karibu na tangi langu. Akaliegemea. Alikuwa hana pengine pa kuegemea. Nikaona haya, haya ya kweli, ile inayochoma masikio, na kwa mara ya kwanza hasira haikuja kunisaidia.

Jumamosi nililitoa utepe, nikalilaza, nikalisukuma. Tangi tupu hubiringika, lakini hupiga kelele kama ngoma ya unyago, na kutoka kwangu mpaka kwake ni mwendo wa saa nzima. Watu walitoka majumbani kutazama. Hakuna aliyeniuliza ninakwenda wapi. Hakuna aliyenisaidia.

Mwanakombo alikuwa uani anafunga mipira kwenye keria.

"Mama Faidha, hodi. Nimeleta tangi lako."

Alilitazama. Akafungua mfuniko, akaingiza mkono ndani, akaupitisha kwenye ukuta wake, akautoa una vumbi na utando wa buibui.

"Halijawahi kuingia maji?"

"Halijawahi."

"Mvua zote zile, mwalimu?"

Mimi nina jibu la kila kitu. Muulize yeyote Newala. Nilisimama pale jasho linanitiririka, nikaurudisha mfuniko. Naye akanitazama, bila hasira, kwa namna niliyoifahamu vizuri sana, kwa kuwa ndivyo nilivyomtazama yeye miaka sita.

"Liweke pale chini ya gata," alisema. "Litasubiri mvua za Desemba."

Akaifungua breki, akaielekeza baiskeli bondeni, akaenda kuchota.