Odii ya Mama na Ndege ya Bei Rahisi

Dada yangu alipojifungua huko Ulaya, mama aliamua kwamba mimi ndiye wa kumpelekea odii. Odii ni ufuta na karanga, zinakaangwa, zinasagwa mpaka zinakuwa laini kama siagi. Kwetu kaskazini, mzazi asipoila, maziwa hayashuki vizuri. Hivyo ndivyo mama anavyoamini, na mjane wa polisi aliyelea watoto kambini hapendi kubishiwa.

Dada alitaka kunikatia tiketi moja mpaka mjini kwake. Nikakataa. Mimi, muuza kava za simu mtaani Kabalagala, nilikuwa nimetazama video nyingi za vijana wanaozunguka Ulaya kwa ndege za bei rahisi.

"Nifikishe mji wa kwanza wa Ulaya tu," nikamwambia kwenye simu. "Hapo mbele niachie mimi."

"Wewe? Wewe uliyepotea Mengo ukitafuta hospitali?"

"Hiyo ilikuwa zamani, dada."

"Ilikuwa Krismasi hii iliyopita!"

Mama alijaza odii kwenye kopo la plastiki, akalizungushia selotepu, akalifunga kwa kitenge. "Usimwachie mtu," akaniambia. "Hata rubani."

Safari ya kwanza kopo lilikaa tumboni mwa ndege, ndani ya begi langu kubwa la plastiki lenye zipu, bila maneno. Safari ya pili ndiyo ilikuwa ya ujanja wangu. Tiketi ilikuwa rahisi kweli, ila uwanja wenyewe ulikuwa porini, na basi la kunifikisha huko likanitoza zaidi kuliko ndege. Tena niliruhusiwa kibegi kimoja tu, cha kuingia chini ya kiti. Basi nikafanya kama kwenye video: nikavaa suruali tatu na makoti mawili, begi kubwa nikalikunja, nikalisukumia kwenye kibegi pamoja na kopo. Nikatembea kama mlinzi wa benki aliyevimba miguu.

Kwenye ukaguzi, mama mmoja mwenye sare akalitoa kopo kwenye kitenge.

"Hii ni majimaji," akasema. "Haipiti."

"Si maji, madamu. Ni chakula cha mzazi," nikajibu kwa Kiingereza changu cha darasa la saba.

Akaliinamisha. Mafuta yalikuwa yamepanda juu, yakasogea taratibu upande mmoja.

"Naiona inatembea," akasema. Kisha, kwa upole, akanieleza: niitupe pale kwenye pipa, au nirudi nje nikailipie kama mzigo.

Nikalitazama pipa. Lilikuwa na chupa za maji na manukato. Nikamwona akilini mama yangu kule nyumbani Kasubi, ameinama juu ya sigiri ya makaa, moshi machoni, akigeuza ufuta usiungue. Nikamfikiria mtoto ambaye sijamwona, ananyonya anakosa. Nikageuka nikakimbia, kama suruali tatu zinavyoruhusu.

Malipo ya mzigo yalimeza kila nilichookoa, pamoja na hela ya kumnunulia mtoto zawadi. Nikalikunjua begi kubwa, nikaweka kopo peke yake ndani, likaondoka kwenye mkanda kama tajiri. Ni baada ya kukaa kwenye kiti, jasho likinitiririka mpaka soksi, ndipo nilipokumbuka kwamba begi nililolipia lilikuwa na nafasi ya suruali zote.

Dada alifungua mlango, mtoto begani. "Ulaya imekunenepesha kwa siku moja?"

Nikampa kopo. Alikaa palepale kwenye sakafu ya mlangoni, akachota kwa kidole, akafumba macho. Mtoto akaanza kutafuta titi.

Mama akapiga simu. "Odii imefika?"

"Imefika, mama."

"Haijamwagika?"

"Hata tone."

"Haya, nipe mzazi."

Dada akapokea simu, odii imejaa mdomoni. "Mama, kijana wako ni mjanja. Amekuja na ndege ya bei rahisi sana!"

Mimi wakati huo nilikuwa nimeegemea ukuta, nahangaika na zipu ya suruali ya pili.