Pingili za Dada Generoza

Juzi, pale Runazi, nilipita karibu na watu wanaokata pingili za muhogo, na harufu ya utomvu ikanirudisha shambani kwetu.

Shamba lilikuwa na pembe tatu: mstari wa kwanza shimo moja, wa pili mawili, hadi wa ishirini mashimo ishirini. Mama alitutuma tuyahesabu, akate pingili za kutosha tu. Mimi nilizunguka kwenye tope nikihesabu mojamoja, nikapotea mara tatu. Dada Generoza alikaa ukingoni akitafuna muwa.

"Mama, ni mia mbili na kumi."

"Hajahesabu, mama! Mvivu huyo!" nikamsemea. Kwangu mimi, hesabu ilikuwa jasho.

"Zikizidi au zikipungua, utanitambua," mama alimwambia.

Tulipanda mchana kutwa. Pingili ya mwisho iliingia shimo la mwisho.

"Umejuaje?" mama alimuuliza.

"Nimewaza shamba jingine kama hili, nikaligeuza, nikaliunganisha na letu. Ikawa mistari ishirini, kila mmoja mashimo ishirini na moja. Nikachukua nusu."

Mama alinyamaza. Nilidhani amekasirika. Siku hizi nafundisha hesabu, na ukimya ule nautafuta darasani kila siku.

Dada bado analima shamba lile. Hajawahi kubakiza pingili.