Fundi Hupanda Nyuma

Nakumbuka Ijumaa moja hapa Voi, upepo umeamka na vumbi jekundu limeingia mpaka kwenye masanduku ya spana. Mwanangu, nivumilie nikisimama simama. Habari hii sijawahi kuisimulia nikiwa nimekaa. Juzi nilikusikia ukimwambia mteja, "Si inawaka? Basi iko sawa." Tangu hapo sina raha.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, msichana wa Bura niliyeshuka mlimani kujifunza umeme wa pikipiki kwa Mzee Abeid. Mzee alikuwa mtu wa Pwani, mpole wa sauti, mgumu wa kanuni. Gereji yake ilikuwa na desturi ambayo mafundi wengine waliicheka: pikipiki ikishatengenezwa, fundi hupanda nyuma. Mwenye pikipiki anaendesha, wewe umekaa nyuma yake mpaka barabara kuu na kurudi, ndipo kazi inahesabiwa imekwisha. Mimi niliona haya. Fundi mzima na ovaroli yangu, nabebwa mjini kama gunia la viazi.

Siku hiyo alikuja Mwalimu Mwakio, mwalimu mstaafu wa kwetu Bura. Alikuwa na pikipiki kubwa ya safari, lakini vidole vya mkono wake wa kulia vilimuuma, havikuweza kushikilia kishikio cha mafuta mwendo mrefu. Ndiyo maana alikuwa amefungiwa kruzi, kile kifaa cha kushika mwendo. Unabonyeza swichi, pikipiki inaenda kwa mwendo uleule, wewe unapumzisha mkono. Ukigusa breki, inaachia. Kwa msaada wa kifaa hicho alikwenda Mombasa kila mwezi kumwona binti yake mgonjwa. Sasa kilikuwa kimegoma.

"Hakishiki, binti," aliniambia. "Kimeanza wiki ile uliponibadilishia balbu ya nyuma."

Jibu lote lilikuwa hapo, mwanangu. Nami niliyasikia maneno hayo kama mtu anavyosikia redio ya jirani.

"Mimi sina haraka," akasema, akaenda kunywa chai. Hakuna aliyenikimbiza. Mzee Abeid alikuwa ameenda msikitini kuswali, nami nilitaka akirudi akute nimemaliza. Pupa yangu mwenyewe, basi. Nilipima fyuzi, nzima. Nikavuta kebo, haijakwama. Nikaangalia sumaku ya gurudumu, ile ya kupimia mwendo, ipo. Mwisho nikafika kwenye waya mwembamba unaotoka kwenye kruzi kwenda taa ya breki. Nikaukata, nikaugusisha kwenye bodi, chuma chenyewe cha pikipiki. Nikawasha injini pikipiki ikiwa juu ya stendi, nikatia gia, nikabonyeza swichi. Ikashika! Nikaufunga ule waya pale pale kwa skrubu. Breki sikuigusa.

"Hupandi nyuma?" Mwalimu aliniuliza.

"Leo hakuna haja, Mwalimu. Iko sawa."

Akacheka, akashika njia ya Mombasa.

Mzee aliporudi nilimweleza kwa madaha. Alisimama, kofia mkononi, hata hakuketi.

"Waya ule ndio sikio la kifaa," alisema taratibu. "Kwa waya ule husikia breki. Balbu ya zamani ina uzi ndani, na kifaa hupitia uzi huo kuifikia bodi, kikajua njia ya breki ni nzima. Balbu yako mpya ya LED haina uzi. Kifaa kikaona njia imekatika, kikakataa kumchukua mtu. Kilikataa kwa wema, nawe umelikata sikio lake." Halafu akaniuliza, "Ulipanda nyuma?"

Nilitikisa kichwa, nikaikimbilia simu.

Tulimpigia Mwalimu simu, ikaita tu. Aliye juu ya pikipiki hasikii. Tukaingia kwenye pikapu ya Mzee, tukamfuata. Tulipita Ndara nikikodolea macho kila kitu cheusi kando ya barabara. Nilifungua dirisha, nikalifunga, nikalifungua tena. Mzee hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitesa. Heri angenitukana. Nilimwomba Mungu kwa Kidawida, lugha ya kwetu, nikiahidi mambo ambayo mengine mpaka leo sijayatimiza.

Tulimkuta kijijini Miasenyi, ameketi kwenye kreti ya soda mbele ya duka, mkono wa kulia ameupakata kwa wa kushoto. Alitueleza kwamba ng'ombe walikuwa wakivuka barabara. Alishika breki, pikipiki ikaendelea kumsukuma. Akabana klachi, injini ikapiga kelele. Mwishowe akazima kwa ufunguo, akaingia vichakani. Kifundo cha mkono kilikuwa kimevunjika, mkono uleule uliokuwa ukimuuma.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. "Ni mimi, Mwalimu," nilisema. "Nilikata waya wa breki." Aliomba maji ya kunywa.

Miezi mitatu hakwenda kumwona binti yake. Mimi nilifunga virago nirudi Bura nikalime kabeji. Mzee akaniambia, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ile pikipiki itengeneze." Nikarudisha balbu ya zamani, nikauunga waya mahali pake, nikaijaribu breki mpaka nikachoka kuhesabu.

Mwalimu akaja kuichukua. Aliwasha, akapigapiga kiti cha nyuma kwa kiganja.

"Panda."

Nilipanda. Hatukuishia barabara kuu. Alinipeleka mpaka Miasenyi. Penye vichaka vile vile, kruzi imeshika, aliuinua mkono wake wa kulia juu, nikauona umepinda kidogo. Kisha akagusa breki ya mguu. Pikipiki ikaachia, ikapoa.

"Sasa imekwisha," alisema. Nililia nyuma ya mgongo wake mpaka tukafika Voi.

Mwanangu, kitu kikikukatalia, kiulize kwa nini kabla hujakinyamazisha. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi kuinama ndiko nilikokuona taabu. Tena kila kazi utakayomkabidhi mtu, iwe waya, iwe uji wa mgonjwa, iwe neno la ushauri, jiulize kama wewe mwenyewe ungepanda nyuma. Moyo ukisita, fungua upya, mteja aongezewe chai.

Mungu akutangulie barabarani. Akuepushe na sifa za mbio mbio, na kila atokaye mikononi mwako afike kwake salama. Sasa nenda ukamwite yule mteja wa juzi. Helmeti yangu iko pale mlangoni, ichukue.