Sketi Moja, Zamu Mbili

Mwalimu wetu mpya alisoma sheria zake siku ya kwanza ya muhula, mbele ya wanafunzi na wazazi, na hakupaza sauti hata mara moja. Nadhani ndiyo maana zilitutisha. Mwalimu aliyemtangulia alikuwa mtu wa kufoka, na mtu wa kufoka mtoto humzoea, kama anavyomzoea mbwa wa jirani. Huyu alikuwa mwanamke mwembamba, mgeni kutoka kanda ya ziwa, hajui Chasu, lugha yetu ya milimani, hata salamu. Alitamka kila neno kwa utulivu, kisha akanyamaza mpaka aone limeingia.

Mwanafunzi afike kabla ya kengele. Darasani ni Kiswahili tu, na uwanjani vilevile. Kucha fupi, nywele fupi. Sare iwe kamili na safi, nayo itakaguliwa kila Jumatatu. Atakayesema uongo ataadhibiwa kwa kosa lake, kisha kwa uongo wake. Halafu akawageukia wazazi waliosimama nyuma. Mzazi asimbakize mtoto nyumbani siku ya shule kwa kazi yoyote. Mzazi mwenye neno na mwalimu apige hodi mlangoni, asubiri. Na mzazi ambaye mtoto wake hana sare, atakuja mwenyewe asimame mbele ya darasa, aeleze kwa nini.

Niligeuka kumtazama mama. Alikuwa amejitanda kanga hadi kidevuni, na macho yake yalikuwa kwenye sketi ya dada yangu.

Ilikuwa sketi moja tu. Mimi na dada tulipishana mwaka mmoja na kidogo, yeye darasa la nne, mimi la tatu. Yangu ilikuwa imekwisha wakati wa likizo, imechanika makalioni hata kiraka hakina pa kushika. Na miaka ile kitambaa hakikuwa kitu cha kununua. Kilikuwa kitu cha kusikia. Ungesikia kimefika duka la ushirika mjini Same, ukashuka mlima kabla ya jua, ukakuta watu wamejipanga mpaka barabarani na mlango umefungwa. Mama alikwisha kushuka hivyo na kurudi na kibiriti. Baba alikuwa kibarua kwenye shamba la mkonge huko bondeni, na aliporudi nyumbani alituambia hata huko watu wanashona viraka juu ya viraka.

Siku ile ya sheria, tukiwa njiani kurudi, tulifika kwenye ndiva, lile bwawa ambalo wazee wetu walilichimba kukusanya maji ya kumwagilia mashamba. Hapo mama akasimama. Alisema kwamba shule ina chumba kimoja kwa madarasa yetu mawili, na mwalimu ni huyo huyo mmoja. La nne linasoma asubuhi, la tatu mchana. Basi dada akitoka, atanikuta hapa nyuma ya ukingo wa ndiva, atavua, nitavaa. Akatuuliza kama tumeelewa. Dada akasema ndiyo. Mimi niliuliza itakuwaje mwalimu akijua.

"Hutamwambia uongo," mama alisema. "Hutamwambia chochote."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa wiki baada ya wiki. Kila adhuhuri niliketi nyuma ya ukingo ule nimevaa blauzi nyeupe iliyoshonwa kwa shuka, na kanga ya mama kiunoni, nikimsubiri dada. Watoto tuliogopa ndiva. Tuliambiwa ina mwenyewe, na kwamba hapendi mtu wa kukaa bila kazi. Upepo ulipopita juu ya maji niliamini amekuja kuniangalia. Lakini hofu hiyo ilikuwa ndogo kuliko ile ya kengele. Dada akichelewa kidogo, nilinyanyuka nikachungulia juu ya ukingo. Nilisikiliza njia kwa masikio yote mawili, nikijua kwamba rimu ya gari iliyoning'inia shuleni ikigongwa kabla sijavaa, basi nimekwisha. Kisha namwona anakuja mbio, amekunja daftari kwapani. Sketi ilinifikia ikiwa na joto lake. Nilifunga kiuno kwa kamba ya mkonge kwa sababu alinizidi unene, nikakimbia.

Jioni mama aliifua. Sabuni nayo ilikuwa hadithi, kwa hiyo alisugua kwa majani ya mpapai, akaianika juu ya mafiga. Tulikwenda shule tukinuka moshi, lakini wengi walinuka moshi.

Ukaguzi wa Jumatatu tuliuvuka kwa muda. Tatizo lililetwa na wavulana wa darasa la dada, ambao waliazimana mashati: aliyekaguliwa alipitisha shati lake dirishani kwa mwenzake aliyekuwa bado nje. Mwalimu aliwagundua. Tangu hapo, kila aliyekaguliwa alichorwa alama ndogo ya chaki kwenye pindo la nguo, ili nguo moja isipite mara mbili. Dada aliniambia habari hiyo huku akinivalisha, na tukaifuta alama kwa mate na kiganja cha mkono. Tukawa tunafanya hivyo kila Jumatatu.

Halafu ikaja Jumatatu moja ya mvua za masika. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, na dada alichelewa kwa sababu njia ilikuwa tope tupu. Tulibadilishana tukitetemeka, bila kusema, na nikakimbia. Sketi ilikuwa imelowa. Niliingia darasani kengele ikiwa inamalizikia, nikajipanga na wenzangu ukutani. Mwalimu alianzia upande wa mlango. Aliinama, akachora, akasogea kwa anayefuata. Nilikuwa natazama ukuta wa mbele. Nilipoinamisha macho niliona alama ya chaki kwenye pindo langu, nyeupe, imeganda kwenye unyevu wa kitambaa.

Sikuweza kuifuta, alikuwa amebakiza watoto wachache kunifikia. Nakumbuka nilijaribu kulikunja pindo kwa goti, kama kuku anayekuna mguu, na kwamba mkojo ulikuwa karibu kunitoka.

Alipofika kwangu aliinama na chaki yake, akaiona. Hakuchora. Alibaki ameinama pale kwa muda mrefu kuliko alivyokaa kwa mtoto yeyote.

"Nani amekukagua wewe?" aliuliza.

Sikujibu. Aliuliza tena, kwa sauti ile ile ya chini. Niliyakumbuka maneno ya mama, na niliikumbuka sheria ya uongo, na katikati ya hayo mawili hapakuwa na neno hata moja la kusema. Nilitazama viatu vyake. Vilikuwa vya plastiki, kimoja kimeshonwa kwa uzi wa waya. Mwishowe alisimama wima, akaniambia nikakae, na kwamba kesho mchana mama yangu afike.

Mama alipopata habari alikuwa anapepeta maharage. Aliendelea kupepeta. Dada alilia, akisema ni yeye aliyesahau kuifuta, na mama akamwambia anyamaze, alama ile hakuichora yeye. Lakini usiku ule chakula chake alikiacha kwenye sahani, na asubuhi nilimsikia jikoni akisema peke yake maneno ya Kiswahili, anayarudia, anayakosea, anayaanza upya. Mama alikijua Kiswahili cha sokoni na cha kanisani. Hakuwahi kukisema mbele ya mwalimu.

Mchana mama alipiga hodi mlangoni na kusubiri, kama sheria ilivyotaka. Mwalimu alimkaribisha, na dada, ambaye aliamriwa kubaki baada ya darasa lake, akasimamishwa karibu na ubao. Mimi nikaitwa nisimame kando ya dada. Darasa zima la tatu lilikuwa linatutazama. Sketi ilikuwa mwilini mwa dada. Mimi nilikuwa na kanga ya mama, miguu wazi mbele ya watu wote.

"Shikamoo mwalimu," mama alisema.

Mwalimu alikuwa mdogo kwa mama, pengine kwa miaka mingi. Kila mtu darasani alilijua hilo. Nilimwona mwalimu akishtuka, na hakusema marahaba. Akasema yeye, taratibu: "Shikamoo mama."

"Marahaba," mama alijibu.

Mwalimu akamwomba aeleze. Mama alianza kwa Chasu. Watoto wakatazamana, kwa sababu Kiswahili tu nayo ilikuwa sheria. Mama akasita, akajifuta midomo kwa pindo la kanga, akaanza upya.

"Nguo ni moja, mwalimu. Watoto ni wawili. Wewe ulisema kila mtoto aje na sare. Kila mtoto amekuja na sare."

Hakuna aliyecheka. Nilitazamia mwalimu akasirike, kwa kuwa maneno yale, kwa masikio yangu, yalikuwa kama kumjibu. Yeye alikwenda dirishani, akasimama akitazama nje, ambako hapakuonekana kitu ila ukungu. Mkono wake ulioshika chaki ulikuwa nyuma ya mgongo, na kutoka pale niliposimama niliona akiimega chaki vipande vidogo vidogo. Sikujua wakati ule mwalimu anaweza kuogopa nini. Leo nadhani alikuwa mbali na kwao, peke yake, na sheria zile ndizo alizokuwa nazo.

Aliporudi aliuliza tunabadilishana wapi, na mama akamwambia ni nyuma ya ukingo wa ndiva. Mwalimu akasema kwamba sheria haibadiliki, sare ni sare. Mama aliinamisha kichwa. Kisha mwalimu akasema kwamba hata hivyo watoto wa kike hawatavua nguo porini tena. Watabadilishana nyumbani kwake, pale nyuma ya shule, na kengele haitagongwa kabla mdogo hajavaa. Na mimi, kwa kuwa niliulizwa na mwalimu nikanyamaza, nilipaswa kuadhibiwa. Nilinyoosha mkono. Fimbo ya kiganja aliipiga bila hasira, mbele ya mama, na mama alitazama sakafu. Hakunitetea, na hata njiani hakunipoza. Tulipofika kwenye mwinuko wa kwanza aliketi juu ya jiwe, na tulikaa naye pale, dada na mimi, mpaka aliposimama.

Nyumbani kwa mwalimu niliingia kwa woga kila siku hadi mwaka ulipoisha. Tulibadilishana jikoni, mgongo kwa mgongo, mwalimu akiwa chumba cha pili akila. Alikula ugali na mboga za majani, kama sisi. Hakuwahi kutuuliza kitu isipokuwa mara moja, karibu na likizo. Alisema kutoka chumbani kwamba Januari dada ataingia la tano, nami la nne, na wa la tano husoma kutwa. Tutafanyaje?

Dada alisema hatujui. Swali hilo tulikwenda nalo nyumbani, likakaa nasi likizo nzima. Mimi niliota nimesimama mbele ya darasa nimevaa blauzi peke yake. Dada alianza kusema kwamba yeye ni mkubwa, anajua kusoma na kuandika, anaweza kuacha. Mama alimwambia asirudie maneno hayo ndani ya nyumba yake.

Kilichotuokoa ni kwamba mambo yalibadilika huko chini. Watu walianza kusema ruksa, ruksa. Wafanyabiashara walileta vitu kutoka ng'ambo na hawakukamatwa; pale Same sokoni, ambapo mama alikuwa akirudi na kibiriti, sasa marobota ya mitumba yalimwagwa chini kwenye maturubai, na vitambaa vikapangwa kwenye meza waziwazi. Bei ilikuwa ya kutisha, lakini kitu kilikuwepo. Mama alishuka na tangawizi yote aliyokuwa ameitunza kwa mbegu. Alirudi na kitambaa cha bluu, akampelekea fundi wa kijijini, na mwaka uliofuata tukapanda viazi mahali pa tangawizi.

Sketi mpya alipewa dada, ya zamani ikawa yangu peke yangu. Dada aliivaa ile mpya alasiri ile ile iliyotoka kwa fundi, akasimama katikati ya uwanja wa nyumbani, hataki kuketi, hataki kuegemea ukuta. Mama akamtuma maji mtoni. Dada akasema haendi, sketi italowa. Hakuwahi kumkatalia mama jambo lolote maishani mwake, na nilingoja kofi.

Mama alimtazama tangu kichwani mpaka kwenye pindo. Akachukua ndoo, akaenda mwenyewe.