Duara Alilochora Baba Mdogo

Haya nimeyaandika mara tatu na kuyachana mara mbili, kwa sababu kila nikirudia kusoma naona nimejipendelea, au nimemwonea mtu. Safari hii nitayaacha yalivyo. Elimu yangu ni darasa la saba na mwaka mmoja wa kujifunza kupiga chapa, kwa hiyo mwenye kujua zaidi anisahihishe.

Baba mdogo ndiye aliyenilea, nyumbani kwetu upande wa Kolandoto. Alikuwa na tabia moja. Akikaa peke yake alichukua kijiti akachora duara kwenye udongo, kisha ndani ya duara akatia vinukta vingi vilivyopinda kutoka ukingoni, vikizunguka kuelekea katikati. Akimaliza anafuta kwa kisigino. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni konokono. Shangazi, dada mkubwa wa baba na baba mdogo, alikuwa akimtania: "Ungezaliwa mwanamke ungetusukia vikapu, tungeuza mpaka Mwanza." Baba mdogo alikuwa hacheki.

Nilikuwa mtu mzima mwenye mtoto aliponiambia ni nini. Katika vita ile ya ng'ambo ya ziwa alikuwa askari, akawekwa kwenye rada. Asubuhi moja kioo kilijaa vinukta vya namna ile, na nyuma ya vinukta ikawa inakuja ndege moja. Wenzake wakasema adui anakoroga rada ili asionekane. Baba mdogo akataja upande na umbali, akasema, "Ni wao." Mwingine akabonyeza. Kombora likaenda, ndege ikaanguka mbali kwenye vilima. Hakuambiwa ilikuwa ya nani, naye, lazima niseme haki, hakuuliza. Lakini wiki ileile aliwasikia wapishi wakinong'ona kwamba kuna ndege yetu haijarudi. Wapishi husema mengi.

Kwetu mtu aliyemwaga damu huoshwa. Sijui koo nyingine wanafanyaje, nasema la kwetu. Anayeoshwa lazima atamke kwa kinywa chake, mbele ya ndugu, damu ilikuwa ya nani. Damu ya adui ina maneno yake. Ya mwenzako ina mengine, na unamlilia kama mliyezaliwa naye. Ukibahatisha, watu wetu huamini, jambo halikufuati wewe, linawafuata watoto. Baba mdogo alizika watoto wawili baada ya vita. Hospitali walisema surua, na mimi naandika surua. Yeye hakubishana na hospitali. Alibaki na binti mmoja, na mwaka ninaouandika, katikati ya miaka ya tisini, binti huyo alikuwa na mimba yake ya kwanza. Baba mdogo alitaka aoshwe kabla mtoto hajazaliwa. Lakini angesema damu ni ya nani?

Wakati huo nilikuwa napiga chapa katika duka la vifaa vya ofisi mjini Shinyanga, la familia moja ya Kihindi. Mdogo wake mwenye duka alikuwa amerudi kutoka masomoni Ulaya na kompyuta, na ndani ya kompyuta kulikuwa na mchezo wa ndege za vita. Sisi tulimwita bosi mdogo. Jumapili duka likiwa limefungwa alikaa chumba cha nyuma akirusha ndege kwa usukani mfupi kama fimbo ya kukorogea uji, na mimi nilikuja baada ya kanisa kufuta vumbi. Mtu anaweza kudhani alikuwa mtoto wa tajiri anayechezea umeme. Hapana. Alikuwa na heshima, na mchezo ule aliusoma kama mwingine anavyosoma sheria.

"Dada, hii si ya watoto," aliniambia. "Kombora humu lina mafuta yake. Yakiisha linakwenda kwa nguvu iliyobaki tu, ukiligeuzia ndege linachoka. Na rada unaweza kuikoroga."

Neno hilo ndilo lililonifanya nimwambie baba mdogo. Sijui mpaka leo kama nilifanya vyema.

Yeye alikuwa mlinzi kwenye kambi ya watafiti wa dhahabu, njia ya Segese. Alikuja Jumapili iliyofuata, koti la ulinzi likiwa bado mwilini.

"Shikamoo mzee," bosi mdogo alisimama kabisa.

"Marahaba. Nimesikia una vita humu ndani."

"Karibu, mzee, ila hii ni ya kukaa kwenye kiti."

"Hata yetu ilikuwa ya kukaa kwenye kiti," baba mdogo akasema.

Akaangalia karibu nusu saa. Kisha akaanza kuukosoa. Kombora lilikuwa linakata kona kama mbayuwayu, akacheka kwa dharau: "Kijana, hilo ni kombora au ni mwewe wa kuiba vifaranga? Kombora halina shingo."

Bosi mdogo akaona aibu kidogo. Akafungua ukurasa wa kuchagulia, akaeleza kwamba mchezo una ngazi, na yeye alikuwa ameuweka kwenye ngazi nyepesi. Akaupeleka kwenye ngazi ya ukweli. Safari hii kombora lilitoka na moshi, moshi ukakatika, likawa linateleza kimyakimya. Ndege ilipogeuka kwa nguvu, likapungukiwa na kupita nyuma ya mkia.

Baba mdogo aliacha kucheka. "Hapo wamesema kweli," alisema taratibu. "Sasa koroga."

Bosi mdogo akabonyeza. Akaeleza kwamba ukiwa mbali rada ya chini haikuoni, kelele zako zinaifunika, lakini ukizidi kusogea inafika mahali sauti ya rada inashinda kelele, unaonekana.

"Umbali gani?"

Akamtajia. Baba mdogo akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni. "Na hapo wamesema kweli."

Nataka ieleweke alivyofikia kuuamini mchezo ule. Hakuwa mjinga. Aliupima kwa mambo aliyoyajua, na kila mahali alipopima palikuwa imara. Shida ilikuwa moja: mchezo ulikuonyesha kioo cha rubani, siyo kioo cha mtu wa chini. Akauliza kama kuna mahali panaonyesha rada ya chini ikikorogwa inakuwaje.

"Kwenye kitabu," bosi mdogo akasema, akatoa kitabu cha maelezo kilichokuja na mchezo, kinene kuliko Biblia yangu. "Chote Kiingereza, mzee."

Baba mdogo akakichukua, akanipa mimi. "Mayu," aliniita, yaani mama, ndivyo alivyoniita tangu utotoni, "wewe unapiga chapa Kiingereza. Soma chote. Usiruke."

Hapa ndipo ninapojilaumu. Kupiga chapa Kiingereza si kukijua. Barua za ofisini nilizinakili herufi kwa herufi kama mtu anayepanga maharage. Nilipaswa kumwambia. Nikasema, "Sawa baba."

Nilikisoma wiki mbili kwa kamusi ya kuazima. Siku ya tisa nilifika penye picha nne ndogo za kioo cha rada. Ya kwanza ilikuwa safi. Ya pili ilikuwa na doa kama wingu: mvua. Ya tatu ilikuwa na kipande cheupe kilichotoka katikati mpaka ukingoni, kama kipande cha boga kilichokatwa: ndiko kukorogwa na adui, na kile kipande kinaelekea upande aliko. Ya nne ilikuwa na vinukta vinavyopinda, vikizunguka kuelekea katikati.

Sikuhitaji kamusi kuitambua. Niliijua tangu sijaota meno ya pili. Maneno ya chini nilihitaji kamusi, nikayatafuta moja moja, nikayarudia kesho yake asubuhi nikitumaini nimekosea. Yalisema: rada nyingine ya upande wako, iliyo karibu, inayotumia mawimbi yaleyale.

Basi hakuna aliyekuwa amekoroga. Ilikuwa rada yetu wenyewe ikiingiliana na yake. Na ndege ambayo haikukoroga haikuwa inajificha.

Aliporudi Jumapili nilifungua ukurasa ule. Aliiona ya nne kabla sijaweka kidole. Akakaa. Bosi mdogo, ambaye hakujua habari hii, akasema kwa furaha, "Umeona mzee, hata hizo wameweka!"

"Inasemaje?" baba mdogo akaniuliza.

Nikamsomea. Sikuongeza wala kupunguza. Nilimsomea mara moja na hakutaka ya pili.

 Akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: akaomba kiti cha rubani. Bosi mdogo akamwonyesha usukani. Ndege ikawa angani, chini nchi ya kahawia kama ya kwetu wakati wa kiangazi. Baba mdogo akauliza kile kimlio ni cha nini, akaambiwa ni cha kumwonya rubani kwamba rada imemshika.

"Kiondoe. Ndege zetu hazikuwa nacho."

Mlio ukazimwa. Akashika usukani kwa mkono mmoja, akaenda sawa, juu ya vilima, bila kona. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nikijua kwamba kombora limeshatoka, kwa sababu bosi mdogo alikuwa ameuamuru mchezo ulirushe. Kwenye kioo hapakuwa na kitu ila anga. Halafu kioo kikawa chekundu.

"Mzee! Hukugeuza hata kidogo!" bosi mdogo akasema.

"Angegeuza kwa sababu gani?" baba mdogo akajibu. "Alikuwa anarudi nyumbani."

Siku hiyohiyo alimpelekea shangazi habari kwamba amejua damu ni ya nani, apange siku ya maji. Binti yake alikuwa ameingia mwezi wa nane. Nilisikia kutoka kwa waliotoka kambini kwamba ameacha kuchora, na kwamba anakula akashiba. Mwenzake wa zamu alisema usiku mmoja alimkuta analia kwa sauti, kilio cha msibani hasa, na asubuhi uso wake ulikuwa mwepesi. Nikamshukuru Mungu. Ningeweza kuishia hapo.

Lakini alikuwa ameniambia nisome chote, na mimi nilikuwa nimeishia kwenye picha. Zilibaki kurasa za kusoma siku tano. Nikarudi kwenye kitabu, si kwa kushuku chochote, kwa aibu tu. Kurasa tatu mbele, kwa herufi ndogo, waliotengeneza mchezo walikuwa wameandika kwamba picha zile nne wamezirahisisha kwa ajili ya mchezaji. Kwamba vioo vya kweli hutofautiana. Na kwamba mitambo mingine ya kukoroga huweza kutengeneza vinukta kama vya picha ya nne makusudi, ili mtazamaji adhani ni rada ya wenzake. Nikampelekea bosi mdogo anisomee. Akasoma kwa sauti yake ya upole, ikawa vilevile.

"Kwani kuna nini, dada?" aliniuliza. Nikasema hakuna.

Siku ya maji tulikuwa watu wachache, ndugu tu, kwenye ua wa ng'ombe. Shangazi alikuwa na bakuli la mti lenye maji na majani. Mbuzi alikuwa amefungwa. Binti yake baba mdogo alisimama pembeni ameshika kiuno, tumbo limeshuka. Juu yetu ndege ya watafiti wa dhahabu ilikuwa inakwenda na kurudi, chini sana, kama mtu anayelima matuta. Ilikuwa kazi yake ya kila siku msimu ule, na ng'ombe walishaizoea.

Nilikuwa nimeamua nisiseme. Naandika hivyo kwa sababu ndiyo kweli. Nilijiambia kitabu ni cha mchezo, na yeye amepata pumziko.

"Damu ilikuwa ya nani?" shangazi akauliza.

"Ya mwenzetu," baba mdogo akasema kwa nguvu.

"Una hakika? Maana nikishayamwaga haya siyazoi."

"Mayu amesoma," akasema, akanigeukia na uso ule mwepesi. "Si umesoma chote?"

Wote wakanitazama. Nilimtazama binti tumboni. Ningesema "ndiyo" peke yake, lisingekuwa hata uongo. Nilikuwa nimesoma chote. Nilihesabu ndege ikipita, ikigeuza, ikirudi.

"Nimesoma chote, baba," nikasema. "Mbele wanasema adui naye anaweza kuifanya picha ile. Wanasema huenda."

"Huenda," akarudia.

"Ndiyo baba."

Shangazi hakunigombeza, ingawa ningependa angenigombeza. Alimsubiri ndugu yake aseme tena. 

"Basi sijui," baba mdogo akasema. "Hata sasa sijui."

Shangazi akayabeba maji yake, akayamwaga kwenye hori la ndama. Mtu mmoja akamfungua mbuzi. Baba mdogo alibaki pale pale amechutama. Ndege ilipopita tena aliifuata kwa macho mpaka ikaishia, akataja nyuzi zake kwa sauti ndogo, upande na umbali, kama mtu aliye kazini. Kisha akaokota kijiti, akaanza duara. Alilichora kubwa kuliko nilivyowahi kuona, likafika mpaka miguuni pa binti yake, naye akarudi nyuma hatua mbili, ameshika tumbo, asilikanyage.