Boti Haina Mteremko

Mume wangu wanamwita Milimita, na jina hilo hakupewa kwa kupendwa. Ukimwambia meza ina urefu wa mita moja, anatoa futi mfukoni. Ukisema umefika saa nne, anakuuliza saa nne na dakika ngapi. Siku moja msibani, msemaji alisema marehemu alifanya kazi miaka thelathini; mume wangu akanyoosha mkono, ati ni ishirini na minane na miezi saba. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Lakini kwa injini za magari sijaona wa kumfikia, na mimi si mtu wa kumsifu ovyo.

Mimi nina mashine ya kusaga nafaka, mtaa wa pili kutoka gereji yake. Injini ya mashine hiyo ni ya dizeli, silinda moja, inapiga kelele tangu asubuhi mpaka alasiri, nami naijua kama ninavyojua kikohozi cha wanangu.

Mwaka jana shemeji yangu, kaka yake mkubwa, alikuja kwetu akipapasa ukuta. Huyu tunamwita Nahodha. Ujana wake wote aliendesha boti ya mbao ya mwendo kasi, akimvusha daktari ziwani kila wiki kwenda zahanati ya ng'ambo. Injini ilikufa miaka ishirini na miwili iliyopita, boti ikafungiwa bandani, naye hakuvuka tena. Sasa presha ya macho ilikuwa inampofusha.

"Naona kama mtu anayechungulia kwenye bomba," alisema. "Daktari kanipa miezi sita, pengine pungufu. Mdogo wangu, nataka kuvuka mara moja tu, usukani mkononi mwangu, nilione lile bati jekundu la zahanati. Nikishaliona, basi."

"Miezi minne, kaka, itakuwa majini," mume wangu akamjibu.

Seremala alibadilisha mbao za chini, mimi nikashona viti, na mume wangu akaingiza injini ya silinda sita kutoka kwenye gari lililopinduka. Aliiwasha nchi kavu, mpira wa maji ukiipoza kutoka kwenye pipa. Kutwa nzima alikuwa ameinama na bisibisi, akifungua skrubu ya kabureta robo, akiifunga nusu ya robo, akitazama daftari lake la vipimo vya magari. Mwisho aliweka glasi ya maji juu ya kifuniko, injini ikiwa inanguruma, na maji hayakutikisika. Alivimba kichwa siku tatu.

Majini ilikwenda dakika tisa. Ikaanza kugonga, ikaishiwa nguvu, ikanuka. Tulirudi kwa kasia, naye Nahodha yuko gatini anatuona tangu mbali, anatupungia mkono na kutucheka. Mume wangu alipofungua injini, alikuta valvu mbili zimeungua kingo.

Nikamwambia, "Yangu ikianza kusaga haipumui hata kidogo, ndiyo maana fundi aliyenifungia aliilegeza makusudi, isijichoshe. Gari likipanda, mwishowe linashuka, injini inapata nafuu. Hii boti yako inashukia wapi?"

"Nenda kasage unga wako," akanijibu. "Injini ni injini. Kipimo ni kipimo."

Haya, nikaenda. Nimenuna, lakini nikaenda.

Valvu mpya zilichukua wiki tano kufika. Akazifunga, akarudisha kila kitu kama daftari lilivyosema, tukashuka majini tena. Dakika kumi na moja, valvu zikaungua tena. Yeye atakwambia kumi na moja na nusu. Tuliporudi, tukiwa hatua ishirini kutoka gatini, Nahodha akageuza uso huku na huku, akauliza, "Ni nyinyi?" Nilisikia, na wala sikutilia maanani.

Kesho yake mume wangu akaja kwenye mashine yangu. Akakaa juu ya gunia, akaweka kiganja ubavuni mwa injini, akatulia hivyo karibu saa nzima, unga unamjaa nyusi. Hajawahi kuniomba radhi tangu anioe, na siku ile pia hakuniomba. Aliuliza tu yule fundi aliyenifungia aliilegeza kiasi gani. Nikamwambia.

Safari hii valvu alizitoa kwenye injini nyingine pale gereji, hakusubiri. Alichelewesha moto wa plagi kidogo, akaweka jeti kubwa, kile kitundu cha mafuta cha kabureta, ili yaingie mengi zaidi, na kwenye daftari akapiga mstari juu ya vipimo vyake vyote. Pembeni akaandika: boti haina mteremko. Maneno yangu hayo, ila jina langu hakuliandika.

Tulivuka Jumamosi asubuhi. Nahodha kashika usukani, mimi ubavuni pake, Milimita nyuma, sikio juu ya kifuniko.

"Shemeji, niambie tu kama kuna chombo mbele," Nahodha akasema. Nikadhani ni tahadhari ya mzoefu.

Dakika ya kumi na mbili ikapita, injini inavuta sawasawa. Ya ishirini. Mume wangu akainua dole gumba. Nilifurahi mpaka nikasahau kwamba nilikuwa nimemnunia.

Ng'ambo ikatokea, na zahanati juu yake. Bati walishabadilisha, sasa ni la buluu, jipya kabisa. Nikaanza kutafuta maneno ya kumpoza mzee wa watu.

"Shemeji, tumebakiza kiasi gani?"

"Kama uwanja mmoja wa mpira."

Akapunguza mwendo. Akainua uso, akatabasamu.

"Lile pale," akasema. "Jekundu vilevile. Linang'aa!"

Mume wangu alikuwa amesimama. Alitazama bati, akatazama macho ya kaka yake, kisha mdomo ukafunguka. Mtu aliyemsahihisha msemaji msibani! Niliinua mguu nimkanyage.

"Ndiyo, kaka," akasema. "Jekundu."

Tulirudi Nahodha akiimba. Mume wangu aliiacha injini yake, akaja kukaa karibu nami, mikono michafu katikati ya magoti.

"Zile valvu nilizisubiri wiki tano na siku mbili," akaninong'oneza.

Sikumbishia.